Mti wa Shea: Jana Ulilindwa na Mila, Leo Walindwa na Askari

Askari yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku katika barabara itokayo Gulu kuelekea Karuma anayafahamu malori yale. Huja polepole yakilalama, magunia yamepangwa kwa kimo cha nyumba na kufunikwa turubai, na juu yake wamelala utingo wawili watatu. Dereva ana karatasi, au hana. Mazungumzo huwa mafupi. Makala haya yahusu kile kilichokuwa magunia hayo kabla hayajawa makaa, kwani afande anayelimulika lori kwa kurunzi huona mzigo tu, wala hauoni mti.

Mara nyingi mti wenyewe ni shea. Waacholi wauita yaa, na mafuta yake huyaita moo yaa. Huota katika ukanda mrefu wa nyika uanzao Senegal na kuvuka bara zima mpaka Sudan Kusini, Ethiopia na Uganda. Kwetu waonekana katika Acholi, Lango, Teso, West Nile na sehemu za Karamoja. Shea ya upande huu wa Nile ina tofauti na ile ya Afrika ya Magharibi: mafuta yake ni laini zaidi, hata katika joto la kawaida hayagandi sana. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa vipodozi katika nchi za ng'ambo huyapenda.

Lakini tusianze na watu wa ng'ambo. Tunda la shea huiva wakati wa mvua, katika miezi ile ambayo ghala limekwisha na mtama mpya haujakomaa. Mtoto apelekaye mbuzi malishoni huokota tunda chini ya mti, hula nyama yake tamu, na kokwa huichukua nyumbani kwa mama. Kokwa hukaushwa, huvunjwa, kiini hukaangwa, hutwangwa na kusagwa, kisha uji wake huchemshwa mpaka mafuta yaelee juu. Kazi hiyo ni ya wanawake, na ni kazi ngumu. Lakini fedha itokanayo nayo huingia mkononi mwa mwanamke mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida kwa mazao mengine ya shamba. Wako askari katika majeshi yetu ambao karo yao ya shule ililipwa kwa mafuta hayo, nao wanajua ninachokisema.

Kwa ajili hiyo mila za kaskazini ziliukataza mti huu usikatwe. Mkulima alipofyeka msitu ili apande ufuta au wimbi, aliiacha shea imesimama katikati ya shamba. Mzizi wake huzama ndani sana na kuyafikia maji ambayo mimea midogo haiwezi kuyafikia; majani yake huanguka na kuurutubisha udongo; nyuki huyatafuta maua yake wakati wa kiangazi; ng'ombe hupumzika kivulini mwake. Gome lake nene huuwezesha kustahimili moto wa nyika upitao kila mwaka. Kwa hakika ni mti uliozoea taabu, isipokuwa taabu ya msumeno.

Sasa yafaa tuutazame umri wake, kwani hapo ndipo hesabu ya biashara ya makaa inapovunjika. Mbegu ya shea haina haraka. Ikisha kuota, huteremsha mzizi kwanza, na chipukizi hutokea baadaye kutoka chini ya ardhi, kana kwamba mmea unachimba handaki lake kabla ya kuinua kichwa. Miaka ya mwanzo huonekana kama kijiti kisicho na maana. Tunda la kwanza huchukua miaka kumi na mitano au ishirini kutokea, na mti huzaa kwa wingi baada ya miaka arobaini au hamsini. Kisha waweza kuendelea kuzaa kwa karne nzima na zaidi. Kuruta aupandaye leo atalionja tunda lake akiwa sajini mwenye mvi. Mchoma makaa huumaliza kwa asubuhi moja.

Na anachokipata ni kidogo. Katika tanuru la udongo litumikalo vijijini, tani moja ya makaa yaweza kula tani sita za kuni au hata kumi. Sehemu kubwa yapotea kwa moshi. Mti mzito kama shea hupendwa kwa sababu makaa yake hukaa motoni muda mrefu, na mpishi wa Kampala aliye na sigiri moja na watoto watano hawezi kulaumiwa kwa kutaka makaa ya namna hiyo. Yeye hajui lilikotoka gunia. Wanaojua ni wale walio njiani.

Ajabu ni kwamba vita iliyowatesa watu wa kaskazini iliipumzisha miti yao. Mpaka mapigano yaliposimamishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Juba mwezi Agosti 2006, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamejazana kambini, na mashamba yao yakageuka pori. Waliporudi walikuta miti mingi, lakini hawakuwa na ng'ombe, jembe wala fedha. Mfanyabiashara wa mjini akaja na fedha taslimu. Tusishangae basi kwamba wenye ardhi wenyewe waliuza. Kwa hesabu za serikali, misitu iliyokuwa imefunika karibu asilimia 24 ya nchi kavu ya Uganda mwaka 1990 ilikuwa imebaki asilimia 9 hivi ilipofika 2015.

Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa Agizo Nambari 3 la mwaka huo, akipiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini na mashariki. Mzigo wa agizo hilo umewaangukia wanajeshi na polisi, na hapa yabidi tuseme wazi. Wananchi wamelalamika, tena si mara moja, kwamba baadhi ya malori yalipita kwa kusindikizwa na watu wenye sare. Askari mwaminifu huumia asikiapo maneno hayo, lakini hayatafutika kwa hasira. Yatafutika lori litakapozuiwa, mzigo utakapoandikwa, na dereva atakapofikishwa mbele ya sheria bila kujali ni nani aliyempigia simu mkubwa wa zamu.

Liko pia jiko la kambi. Kikosi hula kila siku, na sufuria zetu kubwa bado zapikiwa kuni, kama zipikwavyo za shule na magereza. Jiko la mafiga matatu lililo wazi hupeleka joto lake jingi hewani. Jiko la kuni lililojengwa vizuri kwa matofali, lenye bomba la moshi, hupika chakula kile kile kwa kuni chache zaidi. Kulijenga si jambo la kusubiri fungu kutoka makao makuu, kwani mafundi wamo vikosini. Na shamba la miti ikuayo upesi pembeni mwa kambi laweza kulilisha jiko hilo bila kuigusa shea ya jirani.

Mwenye kutaka kupanda shea yenyewe asichelewe. Mbegu yake haivumilii kuhifadhiwa. Hufa katika majuma machache, hivyo yapasa izikwe ardhini ingali mbichi, msimu ule ule tunda linapoanguka. Wala asikisahau kisiki. Shea iliyokatwa huchipua tena kutoka shinani, na mzizi wake uliokwisha kuzama huipa chipukizi nguvu ambayo mche mpya hauna. Machipukizi yakipunguzwa yakabaki mawili yaliyonyooka, mbuzi wakazuiwa kwa ua wa miiba, na nyasi zikafyekwa kuzunguka shina kabla ya moto wa Januari, kisiki hicho kitaanza tena kuwa mti.