Kabureta ya Pikipiki ya Mayatima



Wasomaji waliozoea kunisoma katika mambo ya ndoa na malezi wataniwia radhi wiki hii. Nataka kuzungumzia kipande cha chuma chepesi kisichozidi ngumi ya mtu mzima, ambacho kwa uchafu wake kilikaribia kuwapotezea mayatima haki yao.

Marehemu alikuwa jirani yetu hapa Vanga. Alipofariki aliacha mjane, binti wa miaka 15, wavulana wawili wadogo, na pikipiki kuukuu aina ya Honda CG125. Mimi aliniusia niwasimamie. Pikipiki ile ilikaa uani chini ya makuti, ikapitiwa na masika mawili na upepo wa chumvi wa kila siku. Kisha akaja mnunuzi wa chuma chakavu, na fundi mmoja mpita njia akaitazama kwa dakika tano, akasema injini imekufa. Mama wa watoto anaishi kwa kuuza mahamri na viazi vya karai. Akaniambia, "Maalim, na iende tu. Sare za shule hazingoji."

Nilimwomba anipe wiki moja. Pikipiki ile haikuwa yangu wala haikuwa yake peke yake. Ni mirathi: mjane ana thumuni yake, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ya watoto. Surat An-Nisaa imetuonya vikali kuhusu mali ya yatima, na sikuona kama onyo lile linamhusu mwizi peke yake. Msimamizi anayeuza chombo kizima kwa bei ya kilo za chuma, kwa uvivu wa kukifungua, naye ana la kujibu.

Mimi si fundi. Lakini ujanani niliendesha pikipiki ya namna hiyo nikisomesha madrasa baina ya Vanga na Jimbo, na mzee mmoja wa karakana alinifundisha kuitunza. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, wakaiundia injini nyepesi kutunza, isiyo na ule mnyororo wa ndani unaohitaji kukazwa mara kwa mara. Haifi upesi. Kinachokufa ni subira ya mwenyewe.

Tulianza baada ya swala ya Alasiri, mimi na binti yule. Kabla ya kuishuku kabureta, tuliuliza mambo mawili. Je, injini ina nguvu ya kubana hewa? Nilipopiga kiki, mguu ulikutana na ukinzani mzuri. Je, plagi inatoa cheche? Ilitoa. Tukatia matone machache ya petroli katika tundu la plagi, tukairudisha plagi na kuikaza, ndipo nikapiga kiki. Injini ikanguruma kwa kitambo cha pumzi mbili, ikanyamaza. Binti aliruka, na mama yake akatoka mbio na unga mikononi. Hapo tulijua kwamba injini iko hai, na kwamba inakosa chakula.

Kabureta ndiyo mpishi wa chakula hicho. Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba. Inapobanwa huongeza kasi na kanieneo yake hushuka, ikawa inafyonza petroli kutoka katika bakuli dogo lililo chini. Ndani ya bakuli mna boya, mfano wa boya la mshipi wa mvuvi: petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kuziba njia, ikishuka, hufungua. Petroli hupita katika vijitundu vya shaba viitwavyo jeti, kubwa ya mwendo wa kasi na ndogo ya mwendo wa chini. Kila gramu 1 ya petroli huhitaji takribani gramu 15 za hewa ili iungue sawasawa. Mizani hiyo yote imo mikononi mwa vijitundu ambavyo kidogo chao hakifiki nusu milimita.

Petroli iliyolala miezi huvukiza sehemu zake nyepesi na kuacha utomvu wa kahawia unaonata. Tulipolifungua bakuli tuliukuta umeganda kama asali iliyoungua, na chini yake ungaunga mweupe, kazi ya maji na chumvi juu ya madini. Jeti ndogo ilikuwa imeziba kabisa.

Hapa nina aibu yangu ya zamani ya kuisimulia. Nilipokuwa kijana nilichukua sindano ya cherehani ya mke wangu nikaizibua jeti kwa nguvu. Shaba ni laini. Tundu likapanuka, na tangu siku ile pikipiki ikanywa petroli kama ng'ombe na kutoa moshi mweusi, mpaka niliponunua jeti nyingine. Safari hii tuliloweka jeti katika dawa ya kusafishia, kisha binti akapitisha uzi mwembamba kabisa wa mshipi wa nailoni, na mwisho tukapuliza kwa pampu ya baiskeli. Akaiinua kuelekea jua la magharibi akaniambia, "Maalim, naona duara." Macho yangu ya miaka hamsini na ushei yasingeliona duara lile.

Pete za raba hatukuziloweka, kwani dawa huzivimbisha. Boya tulilitikisa karibu na sikio: likisikika maji ndani, limetoboka na litazama, na petroli itafurika. Letu lilikuwa zima. Sindano inayosukumwa na boya ilikuwa na alama ya mduara iliyolika kwenye ncha, tukanunua mpya pamoja na gaskiti. Kabla ya kuifungua skrubu ya hewa tuliizungusha ndani taratibu hadi ikagusa, tukihesabu mizunguko. Ilikuwa mmoja na nusu, binti akaandika katika daftari lake la hesabu. Anayefungua bila kuhesabu atarudisha kwa kubahatisha.

Akina mama, nisikilizeni hapa zaidi. Kazi hii haifanywi karibu na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni usiuone, ukalifikia kaa la moto lililo mbali nawe. Sisi tulihamia chini ya mwembe, na karai la mahamri likakaa upande wa pili wa nyumba. Na petroli isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa asitapishwe, kwa kuwa ikirudi huweza kuingia mapafuni, akimbizwe hospitali.

Kuhusu petroli yenyewe, tatizo letu la pwani ni madumu. Dumu lililotoka mashuani huwa na maji na mchanga. Wapo pia wanaochanganya mafuta ya taa, jambo lililoifanya serikali mwaka 2018 kuyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuizima faida ya mchanganyiko huo. Petroli ya namna hiyo humpa mwendeshaji moshi na kiki nyingi asubuhi.

Siku ya nne tuliifunga. Kiki ya saba ikawaka. Tukaiacha ipate moto sawasawa, maana kuitengeneza ikiwa baridi ni kujidanganya. Kisha nikaizungusha skrubu ya hewa robo kwa robo, binti akisikiliza. Katika kabureta hii skrubu iko upande wa chujio, kwa hiyo kuikaza huongeza utajiri wa petroli na kuilegeza huongeza hewa. Ingekuwa upande wa injini, mambo yangegeuka. Mahali mlio ulipopanda na kutulia ndipo tulipoiacha, tukapunguza mwendo wa chini kwa skrubu nyingine. Baada ya kuiendesha hadi Jimbo na kurudi tukatoa plagi. Nyeusi yenye masizi ni ishara ya petroli nyingi. Nyeupe ni hewa nyingi, nayo ni hatari zaidi kwani huunguza pistoni. Yetu ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Mnunuzi wa chuma alirudi siku aliyoahidi, akaukuta mlio wake njiani kabla hajafika mlangoni. Aliongeza bei mara tatu pale pale. Mama wa watoto akanitazama. Nikamwambia uamuzi tuufanye baada ya Isha, na mjomba wa watoto awepo.

Tuliamua isiuzwe. Mjomba mwenye leseni ndiye anayeiendesha sasa, bima ikiwa imelipwa, na kila jioni hesabu huandikwa katika daftari lile lile. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya pikipiki kutoka, binti hufunga koki na kulegeza skrubu ya chini ya bakuli, petroli ikamiminika katika glasi. Ijumaa iliyopita alinionyesha tone moja la maji limelala chini ya glasi, kubwa kama punje ya mtama. Akamwambia mjomba wake abadilishe mahali anaponunua petroli.