Je, Wajua? Kutoka Mahagi-Port hadi Göteborg

Partille Cup, mashindano ya vijana ya mpira wa mikono, huchezwa wakati wa kiangazi mjini Göteborg, Uswidi; yalianza 1970. Kijana wa Mahagi-Port, Kongo-Kinshasa, akienda kucheza na kualikwa nyumbani kwa mtu huko atavua viatu mlangoni, kisha ataitwa kwenye “fika”, mapumziko ya kahawa: kazi inasimama, watu wanaketi, kahawa inamiminwa pamoja na andazi la mdalasini. Kahawa haitamshangaza, arabika inalimwa kwenye vilima vya Mahagi kwao. Uwanjani ndiko kwenye kazi! Wanaume wa Uswidi wametwaa ubingwa wa dunia mara 4. Wenzao wa Kongo-Kinshasa walishiriki mashindano hayo ya dunia mara ya kwanza Januari 2021, kule Misri, na mchezaji wao Gauthier Mvumbi, jamaa wa miraba minne, akatumiwa salamu na nyota wa mpira wa kikapu Shaquille O'Neal mwenyewe.