Kompyuta iliyozimwa nyumbani huwashwaje kutoka mbali?

Mkazi wa Richardson, mji wa Texas wenye makampuni mengi ya mawasiliano kaskazini mwa Dallas, anaweza kuwa ng'ambo na bado akaiwasha kompyuta aliyoizima nyumbani. Kwa hakika, haikuzimika kabisa. Maadamu imechomekwa kwenye umeme, kadi yake ya mtandao hubaki macho ikisubiri ujumbe mmoja tu: baiti 6 za ishara, kisha anwani ya kadi hiyo ikirudiwa mara 16.

Ujumbe huo kwa kawaida hauvuki kutoka kwenye intaneti. Mwenye kompyuta huingia kwanza katika mtandao wa nyumbani kwa njia iliyofungwa kwa siri, kisha ruta huutuma kutoka ndani. Wapo wanaoufungulia ulimwengu mzima mlango huo, jambo la hatari.

Umeme ukikatika, kadi nayo hulala. Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipowaacha mamilioni ya wakazi wa Texas gizani, ujumbe huo haungefaa kitu kwa waliokatiwa umeme. Hata umeme urejeapo, baadhi ya kompyuta haziitiki mpaka ziwashwe kwa mkono. Hivyo kabla ya safari, mashine hupangwa iwake yenyewe umeme unaporudi.