CHUMVI YA RUZIZI INAPIMWA NAMNA GANI?



Maji ya ziwa letu Kivu yana chumvi. Kila lita ya maji ya juu inabeba karibu gramu 1. Maji hayo yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka kwenye uwanda wa Luvungi, Sange na Kiliba, penye mashamba ya mupunga, kisha yanaingia Tanganyika.

Tukichemsha lita moja mpaka ikauke, tutaona unga mweupe ndani ya sufuria. Lakini hiyo haitoshi, sababu sehemu ya chumvi hiyo inageuka gazi na kuruka. Kwa hiyo wapimaji wanatia majini chombo cha umeme: chumvi ikizidi, umeme unapita vizuri zaidi.

Tena gramu peke yake inadanganya. Mito ya milimani inaingia Ruzizi na kupunguza ukali wake, lakini chumvi ya Kivu ingali ndani. Njo maana tunazidisha gramu kwa wingi wa maji. Mto ukipitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde, ni lita 100000, basi kilo 100 za chumvi. Kwa siku ni tani 8640.

Faida yake nini? Maji ya kumwagilia yanakauka kwa jua, chumvi inabaki shambani. Tukipima chumvi yote inayoingia uwandani na ile inayotoka, tukakuta inayotoka imepunguka, basi ingine imebaki udongoni. Hapo mkulima achimbe mifereji ya kutolea maji, mbele mupunga haujaanza kukauka.