Coorte na fungu lake la asparaga

Jina la Adriaen Coorte limo katika hesabu za chama cha wachoraji cha Middelburg, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Uholanzi, lakini si kwa heri. Mwaka wa hesabu wa 1695–1696 alitozwa faini kwa kuuza picha ilhali si mwanachama. Chama kililinda soko la watu wake. Aliyeuza pembeni alilipishwa.

Alianza na picha za ndege, kwa mtindo wa Melchior d'Hondecoeter, bingwa wa kuku na bata. Kisha akahamia vitu vya kujaa kiganjani: stroberi za porini, aprikoti, na makombe ya bahari za joto, yaliyokuwa yakiletwa Uholanzi na merikebu za Kampuni ya India ya Mashariki, ambayo ilikuwa na tawi Middelburg.

Wenzake walijaza meza kwa sahani za fedha, kambamti, malimau yaliyomenywa nusu. Coorte alitosheka na ukingo wa meza ya jiwe, mara nyingi wenye ufa, na giza nyuma yake. Stroberi zinawaka humo kama makaa. Huo kwangu ni ujasiri: kivuli kimoja kikikosewa, hakuna sahani ya fedha ya kumzuga mtazamaji.

Baada ya 1707, mwaka wa mwisho anaoutia kwenye picha, alisahaulika kwa zaidi ya miaka 200. Aliyemfufua ni Laurens Bol, mkuu wa jumba la makumbusho la Dordrecht, aliyemwandalia maonyesho mwaka 1958.

Ukifika Rijksmuseum, Amsterdam, tafuta asparaga zake za mwaka 1697. Usipite haraka, maana picha yenyewe ni ya sentimita 25 kwa 20 na ushei, kama daftari la shule. Aliichora kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, ikabandikwa kwenye ubao. Mashina ni meupe, ncha zina uzambarau kidogo, fungu limefungwa kama la sokoni. Sasa sogea. Alichora meza kwanza, ndipo akaziweka asparaga juu yake kwa rangi nyepesi. Rangi ya mafuta hupitisha nuru zaidi kadiri inavyozeeka, na baada ya karne tatu ukingo wa meza umeanza kuonekana kupitia mashina, kana kwamba asparaga ni za kioo.