Je, Wajua? Jenomu ya Mbu wa Asembo Ilichapishwa Pamoja na Bakteria Wake

Je, wajua kwamba mbu wa malaria aliyekuwa wa kwanza kusomwa jenomu yake ana asili ya Kenya? Anaitwa PEST, wa spishi ya Anopheles gambiae. Ukoo wake ulizalishwa maabarani kwa kuwachanganya mbu waliotoka Nigeria na wazao wa mbu walionaswa Asembo, kando ya Ziwa Victoria. Kisha wakachaguliwa wenye macho ya rangi ya waridi. Macho hayo yalikuwa na kazi yake: mbu wa kawaida ana macho meusi, kwa hiyo mgeni akijipenyeza kizimbani na kuzaana na PEST, rangi ya macho ya watoto ingemfichua.

Oktoba 2002 jenomu hiyo ilitoka katika jarida la Science, ikiwa na herufi milioni 278 za DNA. Wiki hiyohiyo jarida la Nature lilichapisha ile ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali. Jenomu ya binadamu ilikuwa imetangulia mwaka 2001, ingawa ilikuwa bado haijakamilika. Wahusika wote watatu wa malaria, yaani mtu, mbu na kimelea, wakawa wamesomwa.

Lakini macho ya waridi humfichua mbu mgeni tu, bakteria hayamgusi. Mbu hubeba bakteria tumboni, na akisagwa mzima, DNA yao hutoka pamoja na yake. Mashine husoma kila inachopewa. Wakati ule DNA ilikatwa vipande vifupi, vikasomwa, kisha kompyuta ikaviunga kwa kufuata sehemu zinazolingana. Vipande vya bakteria navyo viliungana vizuri, vikaingia katika hifadhidata kwa jina la mbu.

Mwaka 2007 Maria Sharakhova na wenzake walichapisha marekebisho. Walichukua vipande vya DNA, wakavipachika kwenye kromosomu za mbu, na kutazama kwa darubini kila kimoja kinakaa wapi. Vipande 15 vikubwa vilivyokuwa havijulikani mahali pake, vyenye jumla ya herufi milioni 5.34, vikapata makao. Vingine 679 vidogo, vyenye herufi milioni 1.97, vilionekana kuwa vya bakteria. Kulikuwa na kasoro nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Vipande 144, vyenye herufi milioni 8.18, vilielekea kuwa nakala ya pili ya sehemu zilizokuwa tayari kwenye kromosomu. PEST ni chotara, na mahali pengine nakala zake mbili zilitofautiana kiasi cha kompyuta kudhani ni sehemu mbili mbalimbali.

Hizo herufi za bakteria hazikufika asilimia moja ya jenomu nzima. Hata hivyo, uzito wake unaonekana mtu akitazama kazi inayofanywa na watafiti wa Eldoret. Mji huu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haimpendezi mbu. Ukiteremka magharibi hadi Webuye, malaria ni maradhi ya kila siku. Huko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walichukua damu za watu na kukusanya mbu majumbani mwao, wakalinganisha jeni za vimelea vya pande zote mbili. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba watu wenye vimelea lakini wasio na dalili huambukiza mbu kwa kiasi kikubwa.

Mbu aliyeshiba damu ana DNA yake mwenyewe, ya mtu aliyemuuma, ya kimelea na ya bakteria. Anayetaka kuisoma yote hana budi kuilinganisha na hifadhidata. Ikiwa jeni ya bakteria imeandikwa kuwa ya mbu, mtafiti anaweza kuifuata miaka kadhaa akidhani amepata siri ya mbu kustahimili dawa.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waligundua DNA ya binadamu katika jenomu 2,250 za bakteria na jamaa zao, na protini 3,437 zilizoorodheshwa ingawa hazipo. Ubaya ni kwamba protini hizo za uongo zilifanana zenyewe kwa zenyewe, hivyo kila moja ikawa kama shahidi wa mwenzake.

Je, dawa ni kutupa kila kisicho cha mbu? Hapana. Mwaka 2020 wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wenzao walitangaza kupatikana kwa Microsporidia MB, kiumbe wa jamii iliyo karibu na kuvu, ndani ya mbu wa Kenya wa spishi ya Anopheles arabiensis. Mbu mama huwarithisha watoto wake kiumbe huyo, ambaye humzuia kimelea cha malaria asikue ndani ya mbu. Angetupwa kama takataka, tungepoteza silaha. DNA ngeni inapaswa kutengwa, kutambuliwa na kuandikwa kwa jina lake.

Siku hizi kituo cha Marekani kinachosimamia hifadhidata ya GenBank hutoa programu iitwayo FCS, inayokagua jenomu kabla haijapokewa, kama mahindi yanavyopimwa unyevu na takataka kabla ya kuingia ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao (NCPB). Mwaka 2023 ilichapishwa jenomu mpya ya Anopheles gambiae kutoka ukoo wa Ifakara, Tanzania, iliyosomwa kwa vipande virefu zaidi.

Lakini rekodi za zamani bado zipo, na katika GenBank mwenye kuiweka rekodi ndiye mwenye mamlaka ya kuibadilisha. Asipoambiwa, kosa hubaki palepale na kunakiliwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Eldoret anayepakua jenomu aulize imetoka kwa mbu gani, ni toleo la mwaka gani, na nani aliikagua. Akikuta kosa, asiliruke tu na kuendelea na kazi yake, bali alitolee taarifa. Hifadhidata hizi ni mali ya umma, nasi tunaozitumia ni sehemu ya umma huo.