Pembe ya neema

Pembe ya neema (kwa Kilatini: cornu copiae, yaani "pembe ya wingi") ni alama ya mavuno mengi na ustawi iliyotokana na visasili vya Wagiriki na Waroma wa kale. Huchorwa kama pembe kubwa ya mnyama, au kikapu chenye umbo la pembe, ambayo mdomo wake humwaga matunda, nafaka na maua bila kwisha.

Nembo ya Tanzania haina pembe hiyo, ila ina alama nyingine za mavuno. Tunduma, mji wa mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde nchini Zambia, ni mahali pazuri pa kulinganisha alama hizo, kwa kuwa ndipo nembo za nchi mbili za wakulima hukutana.

Asili

Kisasili kimoja husema kwamba mungu Zeus alipokuwa mtoto alifichwa katika kisiwa cha Krete na kunyonyeshwa na mbuzi aitwaye Amaltheia. Pembe ya mbuzi huyo ilivunjika, ikapewa uwezo wa kujaa chochote alichotaka mwenye nayo.

Kisasili kingine husema kwamba shujaa Herakles alipigana na mungu wa mto Acheloos, aliyejigeuza fahali, akamvunja pembe. Mwanajiografia Strabo aliripoti maelezo ya watu waliokiona kisa hicho kuwa fumbo: Herakles aliudhibiti mto uliokuwa ukifurika kwa kujenga matuta na kuchimba mifereji, na nchi iliyokaushwa ikawa na rutuba. Kwa maelezo hayo, neema ilitokana na kazi.

Waroma walimchora mungu wa kike Fortuna akiwa na pembe hiyo. Leo imo katika nembo za Peru na Kolombia, na nchini Marekani hupamba meza wakati wa Sikukuu ya Shukrani.

Alama za mavuno katika nembo za Tanzania na Zambia

Katika nembo ya Tanzania, mwanamume na mwanamke wameshika pembe mbili za ndovu. Pembe hizo zisichanganywe na pembe ya neema, kwa kuwa hazimwagi kitu. Mavuno yapo miguuni pao: mkarafuu kwa mwanamume na mpamba kwa mwanamke. Kwenye ngao kuna jembe na shoka, vifaa vya kazi, na rangi nyekundu inayomaanisha udongo wenye rutuba.

Karafuu hutoka hasa Pemba na Unguja, na pamba hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mazao yanayojulikana zaidi Songwe ni mengine: kahawa ya Mbozi, mahindi, maharagwe, na mpunga wa bonde la Kamsamba. Hivyo mkulima wa mahindi wa Tunduma halioni zao lake katika nembo ya nchi yake, bali katika ile ya jirani: nembo ya Zambia ina gunzi la mahindi, na juu yake jembe na sururu. Mahindi hulimwa pande zote mbili za mpaka, na Wanyamwanga nao huishi pande zote mbili.

Nembo zote mbili huweka jembe pamoja na zao. Hapo ndipo zinapotofautiana na pembe ya neema, ambayo hutoa bila kulimwa.

Mavuno na akiba

Songwe ina msimu mmoja mkuu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Mahindi yanayovunwa baada ya hapo hutakiwa kulisha kaya hadi mavuno ya mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo chombo kinacholingana zaidi na pembe ya neema katika maisha ya wakulima ni kihenge, yaani ghala la nafaka ambalo kwa jadi husukwa kwa fito na kuinuliwa juu ya ardhi. Tofauti ni kwamba kihenge huisha.

Nafaka isiyokauka vizuri huota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika na kugunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hugeuza punje kuwa unga ndani ya ghala. Mavuno makubwa yanaweza hivyo kufuatwa na njaa ikiwa hifadhi ni mbovu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umejengewa vihenge vya kisasa katika maeneo kadhaa, Mbozi ikiwa mojawapo.

Shukrani kwa mavuno

Makanisa mengi nchini Tanzania huwa na ibada ya mavuno, ambapo waumini huleta mahindi, maharagwe, ndizi au kuku, na mara nyingi vitu hivyo hunadiwa. Sikukuu ya wakulima, Nane Nane, huadhimishwa tarehe 8 Agosti. Maonyesho ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya.

Methali "Haba na haba hujaza kibaba" hutumia kipimo cha nafaka kueleza wingi: kibaba hujazwa kidogo kidogo, wakati pembe ya neema hujaa yenyewe.